Babu alivuka Malagarasi, bibi alizaliwa Heru Juu: uraia wa kuzaliwa unapimwaje?

Swali: Shikamoo. Nimezaliwa Makere, Wilaya ya Kasulu, mwaka 1991. Baba alizaliwa Heru Juu mwaka 1958. Babu mzaa baba alivuka mto Malagarasi akitokea Urundi (Burundi ya leo) akiwa kijana, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaoa Heru na akazikwa huko. Bibi alizaliwa Heru Juu, na wazazi wake pia. Nimeomba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nikaelekezwa Uhamiaji, na huko nimetakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa cha babu. Cheti hicho hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kukiona. Kaka yangu ananishauri niseme babu alikuwa Muha, au nijaze fomu za kuomba uraia ili yaishe. Nasikia Marekani ukizaliwa tu pale umeshakuwa raia. Kwa nini kwetu isiwe hivyo?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo uliyotoa, wewe ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Baba yako ni raia tangu saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Anayewabeba nyote wawili katika hesabu hii ni bibi. Babu hana uzito ule unaoambiwa anao. Mashauri yote mawili ya kaka yako yaache. La kwanza linaweza kukuharibia faili ambalo halikuwa na kasoro, na la pili litakushusha kutoka kwenye uraia wenye nguvu kwenda kwenye uraia unaoweza kufutwa.

Tuanze na baba, maana kwake ndiko kwenye fundo. Aliyezaliwa kabla ya uhuru hapimwi kwa sheria ya leo. Anapimwa kwa sura ya uraia iliyokuwa ndani ya katiba ya uhuru ya Tanganyika ya 1961, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema wazi kwamba waliokuwa raia kwa sheria zilizotangulia wanaendelea kuwa raia. Kanuni ya 1961 ilikuwa hivi: mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake, au mtu aliye chini ya himaya ya Uingereza, anakuwa raia wa Tanganyika siku inayofuata. Isipokuwa tu kama hakuna hata mmoja wa wazazi wake aliyezaliwa Tanganyika.

Soma sharti hilo la mwisho polepole, kwa sababu ndilo linalosomwa vibaya kila siku. Linamtoa mtu pale tu ambapo baba hakuzaliwa Tanganyika na mama naye hakuzaliwa Tanganyika. Mmoja akiwa amezaliwa huko, inatosha. Halikusema baba. Halikusema kabila. Halikusema ukoo wa kiumeni. Baba yako alizaliwa Heru Juu 1958, mama yake alizaliwa Heru Juu, sharti halimgusi. Hata babu angekuwa ametoka mbali kuliko Urundi, jibu lingekuwa lilelile.

Kosa linalofanyika ni la mazoea. Katika Buha, nchi ya Waha, ukoo unahesabiwa kwa baba, kwa hiyo anayehojiwa anaanza na babu, na anayehoji naye anaanza na babu. Wote wawili wanatumia kanuni ya ukoo mahali palipo na kanuni ya sheria. Ni kweli kwamba mwaka huohuo wa 1961 sheria ilimpendelea baba, lakini mahali pengine: mtoto wa Kitanganyika aliyezaliwa nje ya nchi alifuata uraia wa baba peke yake. Upendeleo huo ulidumu hadi 1995, mama alipohesabiwa naye. Kwa waliozaliwa ndani ya nchi kabla ya uhuru, bibi alihesabiwa sawa na babu tangu siku ya kwanza.

Yale maneno "chini ya himaya ya Uingereza" nayo yana historia inayogusa Kigoma moja kwa moja. Tanganyika haikuwa koloni kamili la Mwingereza. Ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na Ruanda na Urundi. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliteka Kigoma, kisha Tabora mwezi Septemba, na Wabelgiji wakakaa huku hadi 1921 ndipo Waingereza wakakabidhiwa. Tangu 1922 nchi ilishikwa kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa wa zamani, na mwaka 1923 Baraza la umoja huo likatamka kwamba wenyeji wa nchi za dhamana hawawi raia wa taifa linalozishika. Matokeo yake yalikuwa haya: mtoto aliyezaliwa Nairobi baada ya 1920, katika koloni la Kenya, alikuwa raia wa mfalme wa Uingereza kwa kuzaliwa kwenye ardhi yake, mtoto aliyezaliwa Kasulu siku hiyohiyo hakuwa. Yeye alikuwa mtu wa kulindwa tu, asiye raia wa mahali popote. Kwa miaka takriban arobaini, watu wote wa Tanganyika waliozaliwa kwenye ardhi yao wenyewe walikuwa nje ya uraia wa kuzaliwa. Hao ndio wa kwanza kutengwa, na hutajwa mara chache.

Mpaka wenyewe kati ya Tanganyika na Urundi uliwekwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na itifaki yake ni ya 1924. Kama babu yako alizaliwa kabla ya 1916, alizaliwa chini ya bendera ileile ya Kijerumani aliyozaliwa chini yake mtu wa Heru. Hilo halimfanyi awe amezaliwa Tanganyika, kwa hiyo usilijengee hoja mbele ya ofisa. Nalitaja ili ujue kwamba kuvuka Malagarasi kwenda kulima au kuoa, miaka hiyo, kulikuwa kuvuka mto, na watu wa kingo zote mbili walielewana lugha kama wanavyoelewana Waha na Warundi hadi leo.

Waliobaki nje mwaka 1961

Sharti la mzazi mmoja liliwaacha watu wa kweli nje. Mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1955, baba na mama wote wakiwa wamezaliwa ng'ambo ya Ziwa upande wa Kongo, hakuwa raia siku ya uhuru. Mtoto wa fundi wa reli aliyezaliwa Tabora, wazazi wote wakiwa wamezaliwa India, naye hakuwa. Na yule aliyezaliwa Urundi mwenyewe, kama babu yako, hakuwa raia hata kama alikuwa amekaa miaka thelathini na kulipa kodi ya kichwa kila mwaka.

Waliozaliwa Tanganyika wakakwamishwa na sharti hilo walipewa dirisha: wangeweza kujiandikisha kuwa raia, na hiyo ilikuwa haki yao, mradi waombe kabla ya tarehe 9 Desemba 1963. Miaka miwili. Mfanyabiashara wa mjini mwenye gazeti na wakili aliweza kuliona dirisha hilo. Mkulima wa Kibondo au mvuvi wa Kalya angelisikia wapi? Dirisha likafungwa, na wengi waliopaswa kulipita hawakujua kwamba lilikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaita wageni.

Suala la rangi liliingia bungeni Oktoba 1961, wakati muswada wa uraia ukijadiliwa. Walikuwapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere alikataa katakata, akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi, na sheria ikapita bila neno rangi wala kabila. Hilo lina kazi kwako leo. Hakuna kifungu, cha 1961 wala cha 1995, kinachouliza kama wewe ni Muha, Mmanyema, Mbembe au Mrundi. Lafudhi yako si ushahidi wa kisheria, wala kovu la chanjo mkononi.

Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa aliyezaliwa Tanganyika baada ya 8 Desemba 1961, sharti la mzazi liliondoka kabisa. Chukua nyumba moja ya wazazi wawili waliotoka Urundi: mtoto wao wa 1958 si raia mpaka ajiandikishe, mdogo wake wa 1962 ni raia tangu anapolia mara ya kwanza. Ndiyo maana mwaka wa kuzaliwa unapaswa kuandikwa kwa uangalifu mkubwa kwenye kiapo. Mtu akiandika 1960 pale ambapo rejesta ya shule inasema 1962, amejihamisha kutoka kanuni moja kwenda nyingine.

Wewe wa 1991, na habari ya Marekani

Kwako kinachotumika ni kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995, Sura ya 357. Kinasema kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu Siku ya Muungano, yaani 26 Aprili 1964, anahesabiwa kuwa raia tangu kuzaliwa. Kinawatoa watu wa aina mbili tu: mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa adui aliyezaliwa mahali palipokaliwa na adui.

Sasa, hao wawili wametoka wapi? Wametoka London, mwaka 1608. Majaji wa Uingereza waliamua kesi ya mtoto wa Kiskoti, Robert Calvin, wakasema aliyezaliwa kwenye ardhi ya mfalme ni mtu wa mfalme, isipokuwa mtoto wa balozi na mtoto wa jeshi la adui lililovamia. Kanuni hiyo ilisafiri kwa meli. Ilifika Marekani, ilifika makoloni yote ya Kiingereza, na ikaingia kwenye sheria yetu ya 1995 ikiwa na vighairi vyake vilevile viwili. Kwa hiyo swali lako la kwa nini kwetu isiwe kama Marekani linageuka: maandishi ya sheria yetu na ya Marekani ni watoto wa mama mmoja.

Marekani kwenyewe, usidhani ilikuwa rahisi. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Dred Scott, iliamua kwamba watu wenye asili ya Kiafrika, watumwa au walio huru, hawawezi kuwa raia ingawa wamezaliwa pale. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe na Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, kuandika kwamba aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia. Maneno "aliye chini ya mamlaka yake" yakatumika kuwatoa wengine. Mwaka 1884 John Elk, Mhindi Mwekundu aliyeacha kabila lake na kuishi Omaha, aliambiwa si raia, kwa hoja kwamba alizaliwa ndani ya kabila lenye utawala wake. Wenye nchi ile kabla ya wote walisubiri hadi sheria ya 2 Juni 1924. Mwaka 1898 Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi wa Kichina ambao sheria iliwakataza wao kuomba uraia, alishinda kwa majaji 6 dhidi ya 2, na kesi yake ndiyo iliyothibitisha kwamba mtoto wa wageni aliyezaliwa pale ni raia. Uingereza yenyewe, chimbuko la kanuni, iliiacha: tangu 1 Januari 1983 kuzaliwa Uingereza hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu.

Kenya nayo iliiacha, na namna ilivyoiacha ndiyo hoja yangu kubwa. Mwaka 1985 bunge la Kenya lilibadili katiba, likadai angalau mzazi mmoja awe raia, likarudisha sharti hilo nyuma hadi siku ya uhuru, 12 Desemba 1963. Lilikuwa jambo kali, lakini liliandikwa. Kwetu hakuna bunge lililoandika hivyo. Hata hivyo Idara ya Uhamiaji inakitumia kifungu cha 5 kana kwamba sharti la mzazi mmoja limo, na ndivyo inavyoueleza umma uraia wa kuzaliwa. Mimi nasema wazi: kwa maandishi ya sheria, sharti hilo halimo. Lakini mtu anayehitaji namba ya NIDA mwezi huu hawezi kusubiri mabishano hayo yaishe. Kwa hiyo jenga faili lako kwa kipimo kigumu, cha mzazi raia, na kile chepesi kikae nyuma kama akiba. Unaye baba aliye raia tangu 1961, na kama mama yako naye alizaliwa hapa, yeye ni nguzo ya pili. Usimwache nje ya faili kwa sababu tu hakuulizwa.

Wanaoumizwa zaidi na tofauti hii kati ya maandishi na utekelezaji ni watoto wa wakimbizi. Waliozaliwa kambini Nyarugusu au Nduta hawahesabiwi kuwa raia, ingawa wamezaliwa ndani ya Mkoa wa Kigoma. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 wakawekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, walikaa zaidi ya miaka thelathini, na watoto na wajukuu wao waliozaliwa humo waliendelea kuitwa wakimbizi. Serikali ilipofungua njia mwaka 2007, wapatao 162,000 walipewa uraia wa tajinisi, yaani ule ambao mgeni anauomba na kupewa, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Lilikuwa tendo kubwa, la kupongezwa. Lakini angalia aina ya uraia: mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1980 alipewa kwa tajinisi kile ambacho kifungu cha 5, kwa maneno yake, kinampa kwa kuzaliwa. Habari yenu si hii. Babu yako alikuja zaidi ya miaka thelathini kabla ya wakimbizi wa 1972. Sema hivyo mwanzoni kabisa mwa mahojiano, maana ofisa akisikia "Urundi" mawazo yake yanakwenda 1972.

Faili lenyewe

Cheti cha kuzaliwa cha babu hakipo kwa sababu hakikuandikwa. Wakati wa ukoloni, kwa muda mrefu kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika wengi wa vijijini. Na hata kingekuwapo, kingethibitisha tu kwamba alizaliwa Urundi, jambo ambalo hulikatai. Jibu kwa barua fupi: unakubali babu alizaliwa Urundi, na unaleta ushahidi wa bibi, mama mzazi wa baba, aliyezaliwa Tanganyika. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa masjala na uondoke nayo. Majibu ya mdomo hayana tarehe, na bila tarehe huwezi kukata rufaa.

Faili linahitaji viungo vitatu: bibi alizaliwa Tanganyika, baba ni mtoto wa bibi na alizaliwa Tanganyika, wewe ni mtoto wa baba na umezaliwa Tanzania. Kiungo cha tatu ni chepesi: cheti chako cha kuzaliwa kutoka RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi), kadi ya kliniki kama ipo, na cheti cha darasa la saba. Kama cheti cha kuzaliwa huna, anza na kuandikishwa kwa kuchelewa kabla ya kurudi Uhamiaji. Kumbuka tu kwamba cheti hicho kinathibitisha mahali na wazazi. Hakithibitishi uraia peke yake, kwa hiyo usikitupe mezani ukadhani kazi imekwisha.

Kiungo cha pili: cheti cha ubatizo cha baba kama familia ni ya kanisa, kwa kuwa vitabu vya ubatizo huandika wazazi na kijiji. Parokia kongwe kama Kabanga zinafaa kuulizwa kwanza, na uende na jina la ubatizo, mwaka wa kukisia na majina ya wasimamizi. Kama familia ni ya Kiislamu, tafuta cheti cha ndoa cha bakwata au cha kadhi kinachotaja baba wa kila upande. Rejesta ya kuandikishwa shule ina thamani kuliko cheti cha kumaliza, kwa sababu iliandikwa mtoto akiwa mdogo, kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kupamba. Kadi ya TANU, stakabadhi za kodi, kipande cha kazi cha enzi za manamba: vyote vipigwe nakala, hata kama vimeliwa na mchwa pembeni.

Kiungo cha kwanza, cha bibi, ndicho kinachobeba mzigo, na mara nyingi kitasimama kwa viapo. Kiapo kizuri kinatoka kwa mtu mwenye umri wa kujua. Mzee wa 1950 hawezi kuapa kwamba aliona bibi akizaliwa 1930. Anaweza kuapa kwamba alikua akimkuta kwa wazazi wake Heru Juu, kwamba anajua shamba la baba yake na makaburi ya wazazi wake, na kwamba alisikia hayo kwa wazazi wake yeye. Andikeni hivyo hasa. Kiapo kinachosema "namfahamu fulani ni raia" hakina kitu. Uraia ni hitimisho la kisheria, shahidi anatoa mambo aliyoyajua. Wadogo wa bibi au watoto wa ndugu zake ni mashahidi bora kuliko majirani, hasa kama wao wameshapata vitambulisho vya taifa, kwa kuwa serikali imeshakubali wazazi walewale. Pale ambapo mwaka haujulikani, mzee ataje kilichokuwapo: kabla au baada ya vita, enzi za mwami (chifu) yupi, kabla ya Mwami Theresa Ntare wa Heru au wakati wake. Kisha kiapo kisainiwe mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, na barua ya mtendaji wa kijiji na ya mtendaji wa kata ziambatane nacho.

Yanayokwamisha mafaili mengi ni mambo madogo. Majina ni la kwanza. Buha mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halazimiki kubeba la baba. Kwenye ubatizo akapata lingine, shuleni mwalimu akaandika la tatu. Fanya kiapo cha majina kinachotaja yote na kusema ni mtu mmoja, kabla hujaulizwa. Mahali ni la pili. Karatasi za kabla ya uhuru zitasema Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Za baadaye zitasema Wilaya ya Kasulu kwa kijiji ambacho tangu 2012 kiko Buhigwe. Zaidi ya hapo, Operesheni Kigoma ya 1972 ilihamisha watu kwenye vijiji vipya, kwa hiyo mahali pa kuzaliwa na mahali pa kukaa havifanani. Mwombe mtendaji aandike mstari mmoja tu kueleza badiliko hilo.

La tatu ni ndugu. Mahojiano ya kaka na dada hulinganishwa. Ukisema babu alitoka Urundi na kaka yako akasema alikuwa Muha wa Muyama, ofisa hatashughulika tena na bibi. Atashughulika na uongo. Kaeni pamoja kabla ya kwenda, mkumbushane ukweli mmoja. Maelezo ya uongo katika maombi ya aina hii ni kosa la jinai, na yanatia doa hata kwa watoto wenu watakapoomba. Babu hana cha kufichwa. Sheria ilimruhusu awe Mrundi na mwanawe awe Mtanganyika.

Kuhusu kujaza fomu za tajinisi: tajinisi ni ya mgeni. Inadai, pamoja na mengine, kuishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na jumla ya miaka 7 katika 10 iliyotangulia hiyo. Ukiijaza unakiri kwa saini yako kwamba si raia. Na raia wa tajinisi anaweza kunyang'anywa uraia na Waziri kwa sababu zilizomo kwenye sheria. Wa kuzaliwa hawezi kunyang'anywa kwa njia hiyo. Watoto wako watakapohojiwa, faili litakaloanzwa kusomwa ni hilo.

Wakikataa, omba uamuzi kwa maandishi, andika kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, kisha kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kifungu cha 23 kinasema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho, na kifungu hicho kimewafunga wengi mdomo. Lakini njia ya Mahakama Kuu kupitia uhalali wa uamuzi ipo, na kibali chake huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ndiyo maana nilisema usikubali majibu yasiyo na tarehe. Kigoma kuna masjala ya Mahakama Kuu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuruhusu kusaidiwa bila malipo kama huna uwezo.

Wakili wako aisome kesi ya Anudo Ochieng Anudo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 22 Machi 2018. Anudo alikuwa na karatasi za Kitanzania, akanyang'anywa pasipoti na kusukumwa nje ya mpaka. Mahakama ilisema mtu akiwa na nyaraka za uraia zilizotolewa na serikali yenyewe, serikali inayoukana uraia huo ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Tena ikaagiza sheria irekebishwe ili watu wapate kwenda mahakamani. Wewe huwezi kwenda Arusha moja kwa moja, kwa kuwa Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi, na likakoma Novemba 2020. Hoja ya mzigo wa ushahidi, hata hivyo, inaweza kutolewa mbele ya jaji wa Kigoma. Kwa hiyo kabla ya kwenda Uhamiaji mara nyingine, mwulize baba kama ana kadi ya mpiga kura, pasipoti ya zamani au kitambulisho cha taifa. Kama analo hata moja, liwe karatasi ya kwanza juu ya faili, na kiapo cha bibi kikae chini yake.